Mwadhini Aliyelala Ameketi

Abdirahim Hirsi aliuza magodoro mjini Migori, na yeye mwenyewe hakuweza kulala. Watu walicheka waliposikia, naye akawaacha wacheke, maana mteja anayecheka hasimami mlangoni, huingia. Kila alipojinyoosha chali, moto ulimpanda kutoka tumboni hadi kooni, akaamka akikohoa kama mtu aliyepaliwa. Basi akajizoeza kulala ameketi, mgongo ukutani, shingo imepinda upande, na kulipokucha aliamka na hasira zisizochagua mkosaji.

Mkewe Habon alizijua hasira hizo. "Leo umeamka salama, au umeamka na ukuta?" alimuuliza, akimsogezea chai. Na chai yenyewe! Rangi nzito, tangawizi ya kuwasha masikio, sukari bila huruma. Abdirahim alimaliza vikombe viwili kabla ya kusema neno, kisha akashika kifua na kushangaa kinachomchoma ni nini.

Ila si usingizi uliomhangaisha zaidi. Abdirahim ndiye aliyekuwa mwadhini wa msikiti wa mjini, na ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino inamwagika kama iliyotumwa. Stima ilikatika kila mara, kipaza sauti kikabaki pambo la ukutani, ikabidi adhana itoke kifuani mwake hivi hivi, ivuke mabati ya soko hadi stendi. Zamani iliyavuka. Sasa ilianza vizuri, kisha ikakwaruza katikati na kukatika, na watu waliokuwa wakitawadha wakainua macho.

Maalim Sharif, imamu wao, alimvuta pembeni siku moja. "Abdirahim, mwezi mtukufu unabisha hodi na sauti yako imechoka. Nimpe Noor akusaidie?"

Noor aliuza nyama upande wa pili wa barabara. Abdirahim hakuwahi kumsikia akiadhini, lakini alikuwa na hakika kwamba sauti yake ni ya kufukuzia mbuzi. "Hapana, Maalim," alisema. "Ni mafua tu. Ramadhani utanisikia." Akatoka haraka, viatu mkononi.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Akisujudu, hasa akiwa amekula, kitu kichungu kilimpanda hadi mdomoni, naye alikimeza kwa aibu na kuendelea na swala. Je, swala hiyo ilikuwa bado ni swala? Hakujua. Kumuuliza Maalim kulikuwa rahisi kuliko kuvuka barabara, lakini Maalim akishajua, si ndiyo basi, kazi imekwenda kwa Noor? Akanyamaza. Na kwa kuwa alimnyamazia Maalim, akawanyamazia na madaktari pia, kana kwamba nao walisimama safu moja naye msikitini.

Madaktari hao aliwaendea jinsi wateja wake walivyomjia yeye: wanabonyeza hapa, wanauliza pale, wanatoka wakisema watarudi. Wa kwanza alimpima presha, akasikia habari za kifua kuchoma, akampa vidonge vya moyo. Wa pili alisikia kikohozi, akamtuma apimwe kifua kikuu, na wiki nzima Habon akamtengea kikombe chake. Wa tatu alimchungulia koo kwa tochi na kumwandikia sindano. Hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alitibu kipande alichoambiwa.

Barazani mwa duka alikaa Filister, mama aliyekaanga samaki, na macho yake hayakukosa kitu.

"Baba Asmaa," alisema siku moja akigeuza samaki kwenye karai, "kwani unakusanya madaktari? Unataka kufungua hospitali?"

"Ninamtafuta aliye sawa, Mama Bonface."

"Yawa! Wewe unatafuta mwenye atakuambia kitu unataka. Enda Homa Bay. Kuko na daktari wa matumbo huko, Daktari Trizah, mtu wa Rusinga. Tumbo ya mama yangu ilikuwa imeshinda kila mtu. Huyo alimuuliza maswali mpaka mama akakasirika. Lakini alipona."

"Mwanamke?"

Habon alitokeza kichwa kutoka nyuma ya magodoro. "Mwanamke ana kasoro gani? Kesho tunaenda."

Wakaenda, watatu wao, kwa kuwa Filister naye alikuwa na safari ya kununua samaki. Lakini Homa Bay alikuwepo dada wa Filister, Rispa, na kupita mjini bila kuingia kwa Rispa kungeleta kesi ya mwaka mzima. Na ukiingia kwa Rispa hutoki na tumbo tupu. Ugali ulishushwa, mkubwa, na samaki ngege mzima anayeelea kwenye mchuzi. Abdirahim alijua kabisa kwamba siku ya kwenda kwa daktari si siku ya kushiba. Lakini mgeni atasukumaje sahani mbele ya mwenyeji aliyesimama na mwiko?

"Jaduong', mzee wetu, ongeza," Rispa alisema. "Ama chakula yetu ni mbaya?"

Akaongeza. Alipofika kliniki alikuwa anapumua kwa shida, anakaa, anasimama, anasoma mabango ya chanjo yasiyomhusu, anakaa tena. Adhuhuri ikaingia kabla hajaitwa. Akamwomba muuguzi mahali pa kusalia, naye akamwonyesha kona ya chumba cha daktari, mkeka chini, kwa kuwa daktari alikuwa ametoka.

Daktari akarudi. Alimkuta Abdirahim amesujudu, akasimama mlangoni pamoja na Habon, akangoja bila kupiga hatua mpaka mgonjwa alipotoa salamu.

"Mzee, samahani," alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani. "Sikutaka kukutazama ukiomba. Lakini ulipoinama umeshika kifua, na ulipoinuka umemeza kitu. Ni hivyo kila ukiinama?"

Abdirahim alimtazama mkewe, akatazama mkeka. Angeweza kusema ni samaki wa Rispa. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Kila nikiinama," alisema.

Kisha yakatoka yote: uchungu mdomoni, kulala ameketi, kikohozi, sauti, hofu ya swala zake. Habon aliketi taratibu kwenye kitanda cha wagonjwa. "Na mimi ulikuwa unaniambia ni mafua," alisema, na haikuwa sauti yake ya kutania.

Walilala kwa Rispa. Siku ya pili Abdirahim alinyweshwa uji mweupe wenye ladha ya chokaa, akalazwa juu ya meza inayoinama, akapigwa picha huku uji ukishuka, na ukipanda. Daktari Trizah aliishika picha dhidi ya dirisha.

"Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo," alisema, "na kiwambo kina tundu la kupitisha chakula. Lako limelegea. Kipande cha tumbo kimepanda juu, na asidi inapanda usiku inaunguza koo na sauti. Hii ni ngiri, lakini ya huku juu."

"Ngiri!" Abdirahim alibana miguu bila kujua. Neno hilo alilijua kwa wanaume wanaotembea wametanua magoti, na kulisikia mbele ya mkewe na jirani yake kulimpasha uso moto. Filister alitazama nje ya dirisha, mabega yakimcheka.

"Utanikata lini?" Abdirahim aliuliza.

"Mimi sikati. Na wengi kama wewe hawafiki kwenye kisu. Utameza dawa. Utainua kitanda upande wa kichwa. Utakula kidogo kidogo, na ukishakula hulali mpaka tumbo litulie. Chai hiyo ya tangawizi, pole, uiage. Kufunga nitakupangia dawa wakati wa daku na futari, ila futari usijaze. Tukishindwa, nitakuandikia kwa mpasuaji Kisumu ninayemjua kazi yake."

"Na sauti?"

"Sauti imeungua. Ipumzike. Usiadhini miezi mitatu."

"Ramadhani ni mwezi ujao, daktari."

"Najua, mzee."

"Baada ya miezi hiyo itarudi kama zamani?"

Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha, akampa. "Natumaini. Kukuahidi siwezi." Kisha akaongeza, walipokuwa wanasimama, "Ukiona haraka ukaamua kwenda kwa mpasuaji mwingine, sitakukasirikia. Ila muulize kitu kimoja: ngiri za huku juu amepasua ngapi, na wenyewe waliendeleaje."

Abdirahim alirudi Migori amekasirika. Kwa hiyo amekwenda mpaka Homa Bay kuambiwa natumaini? Alihamisha magodoro kutoka ukuta huu hadi ule, akayarudisha, akamkemea mteja aliyekuwa anabonyeza tu. Siku ya tatu akamwambia Habon anakwenda kuangalia mzigo, naye akaenda kwa Daktari Mayaka, aliyefungua kliniki mpya karibu na daraja, kuta bado zinanuka rangi.

Mayaka alikuwa kila kitu ambacho Trizah hakuwa. Alimkaribisha kwenye kiti laini, akaitazama picha muda wa kufumba na kufumbua, akapiga meza. "Hii ni kazi ndogo. Jumatatu tunapasua. Ramadhani ikianza wewe uko juu unaadhini, mpaka ng'ambo ya Isebania huko Tanzania wakusikie."

Moyo wa Abdirahim uliruka. Hilo ndilo alilokuwa analitafuta tangu daktari wa kwanza, limesemwa vizuri, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Akampa mkono. Akafika mlangoni. Na hapo, kwa kero tu, kama mtu anayejikuna, akageuka.

"Daktari, za huku juu umepasua ngapi?"

"Ngiri? Mzee, nimepasua ngiri mpaka nimesahau."

"Za huku juu?"

Mayaka alicheka. "Ngiri ni ngiri. Tundu ni tundu, unashona. Wewe hujaona theatre yangu, mashine zimetoka Ujerumani."

"Hata moja ya huku juu?"

Daktari alitazama saa na kusema wagonjwa wengine wanangoja.

Abdirahim alitembea kwenye tope la soko bila kujua anakokwenda. Alitaka sana Mayaka awe sahihi. Alijitetea moyoni, labda mtu amechoka, labda hakupenda kuhojiwa. Lakini kuna jambo alilijua kuliko madaktari wote, kwa sababu alilifanya kila siku. Mteja akimuuliza ndani ya godoro kuna nini, naye anajua ndani ni vipande vya sponji vilivyogundishwa, alimjibu habari za kitambaa cha juu: maua yake, rangi yake, kilivyo imara. Hakuwahi kusema uongo. Alijibu tu swali ambalo hakuulizwa.

Akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukampigia kelele, akasogea. Upasuaji wa Jumatatu usingekuwepo.

Jioni hiyo alimngoja Maalim Sharif mpaka watu walipotawanyika, akamweleza. Maalim alisikiliza huku tasbihi imetulia mkononi.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unanikimbia kila tukitoa salamu?"

"Ndiyo, Maalim."

"Abdirahim, kinachokushinda hukukitaka. Kikipanda, kiteme kwenye leso, usikimeze. Kuinama kukikudhuru, keti kwenye kiti uashirie kwa kichwa. Hili hata watoto wa madrasa wangekujibu. Ungeniuliza siku ya kwanza."

Lilikuwa jibu fupi kuliko adhana. Abdirahim aliona hasira ikimpanda, na safari hii alimjua mkosaji: ni yeye. Usiku wote ule wa kukaa ukutani, vidonge vya moyo alivyomeza bure, kikombe kilichotengwa, vyote kwa kuogopa jibu kama hilo.

"Na adhana?" Maalim aliuliza kwa upole.

"Mpe Noor," alisema Abdirahim. Alilisema mwenyewe, kabla hajasemewa, na lilimtoka kwa shida zaidi kuliko jina la ngiri.

Habon na Filister waliinua kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Filister alitania kwamba Baba Asmaa ataamka siku moja amemiminika miguuni. Dawa zikaanza kufanya kazi polepole. Kwanza kikohozi kilipungua, kisha Abdirahim akagundua, kwa mshangao wa kweli, kwamba mgongo wa mtu unaweza kukaa juu ya godoro na godoro likawa zuri. Lakini hakutulia. Dukani aliinuka kila wakati wa swala ulipokaribia, akafika mlangoni, akakumbuka, akarudi kukaa.

Alfajiri ya kwanza ya Ramadhani mvua ilikuwa imenyamaza na stima imekatika. Walikuwa wamemaliza daku, Abdirahim ameketi kitandani, leso mkononi. Sauti ikaanza upande wa msikiti. Kabla hajajizuia, kifua chake kilivuta pumzi na mdomo ukafunguka kuita, kama ulivyozoea. Akaufunga. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeita. Anayesikia adhana huijibu neno kwa neno, kimya kimya, na yeye alikuwa hajapata nafasi ya kujibu. Sasa akajibu. Sauti ya nje ilipanda, ikavuka mabati ya soko bila kukwaruza, ikafika stendi, ikazidi, naye akaifuata kwa mnong'ono, mashavu yamelowa.

Habon aliacha vyombo. "Kinachoma tena?"

Akatikisa kichwa. Kifua hakikuchoma hata kidogo. Alikuwa analia kwa sababu Noor alikuwa na sauti nzuri.