Kung'oa Mihogo ya Bibi

Nilirudi Dutumi na shahada ya kilimo na kiherehere cha msomi mpya. Sikuwa nimemaliza mwezi kazini kama bibi shamba wa kata, nikasimama kwenye mkutano wa kijiji na kutangaza kwamba mihogo yetu ina ugonjwa: yote ing'olewe, ichomwe, nitaleta mbegu nyingine. Nilipasua mmoja wakaona ulivyooza ndani, ingawa kisamvu chake kilikuwa kinapendeza. Walinisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Hakuna aliyeng'oa hata shina.

Mama ndiye aliyenieleza kosa langu. Kwetu mbegu ya muhogo hainunuliwi, huombwa, na nusu ya kijiji waliiomba kwa bibi yangu. Nami nimeiita mbovu hadharani, mwenyewe amekaa mkekani mbele yangu, wala sikuwa nimemdokeza kabla. Nani angethubutu kuichoma kabla yake? Niliona aibu mno, maana mihogo hiyo ndiyo iliyonilea mpaka nikafika chuo kikuu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Aliitikia marahaba, akanimiminia chai, akazungumzia mvua. Habari za shamba hakuzigusa, nami nikaogopa kuzigusa. Nililia njia nzima, sifichi.

Asubuhi yake nikaitwa mbiombio. Nilimkuta bibi shambani, kanga kajifunga kiunoni, anang'oa. Majirani walisimama mpakani wanamtazama. Nikamwambia angenisubiri nije kumsaidia.

"Mke mwenzangu," akasema bila kuinuka, "mbegu hii niliigawa kwa mkono wangu. Nisipoanza mimi, wenzangu wataona haya, nawe utabaki unasema peke yako. Tulikupeleka shule uje utufundishe. Basi tufundishe, ila polepole, sisi wazee."

Nikavua viatu nikaingia. Tuling'oa mpaka jua likawa kali, na majirani wawili watatu wakaaga, wakisema wanakwenda kutazama ya kwao.

Likabaki shina moja nyuma ya jiko. Hilo alipewa na mkwewe siku alipoletwa bibi harusi, na kila msimu alikata pingili yake akaipanda palepale. Alilishika, akanitazama.

"Na hili lazima?"

Nilitamani sana kusema hapana.

"Lazima, bibi."

Akaling'oa.