Maua ya Wino Mwekundu

Baba yangu alikuwa karani bandarini. Alipofariki, mwaka juzi, alituachia makabati mawili ya vitabu katika nyumba yetu ya Mji wa Kale. Ndani ya kila jalada alikuwa amegundisha kibandiko, karatasi ndogo iliyopigwa chapa: jina lake katikati, na pembeni duara la maua madogo kama yale ya kofia za kushonwa. Kwenye kila kibandiko, ua moja au mawili yalikuwa yamepakwa wino mwekundu. Tangu utotoni niliamini ni madoa.

Mwaka huu nilimshauri mama tuvitoe kwa skuli moja ya Tononoka. Mama alihitimu Kurani chuoni, lakini skuli hakupelekwa, na herufi za Kizungu hazijui. Hakukataa. Alisema tu kwamba vitabu ni vyetu sisi tuliosoma, si vyake, kisha akaendelea kushona kofia yake.

Nikaona vizuri kila kitabu kipate kibandiko cha pili, cha kumkumbuka marehemu. Nilichukua kitabu kimoja nikaenda kwa mpiga chapa wa mtaa wa pili, mzee wa Kihindi aliyerithi kazi kwa babake. Nilimwamkia, akaitikia, akakitazama kibandiko, akafungua mtoto wa meza. Alitoa kibao cha mbao kilichochongwa maua yale yale, na chini yake kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai, kimechorwa kwa penseli.

"Huu ni mkono wa mama yako," akaniambia. "Baba yako alikileta mwenyewe. Alimwambia marehemu baba yangu asibadilishe hata jani moja."

Nilikiomba kitambaa kile, nikarudi nacho nyumbani na kumwekea mama mapajani. Alikipapasa kwa muda. Akasema alikichora mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kwa sababu baba alitaka kila kitabu kinachoingia nyumbani kiwe na kazi ya mikono yake.

"Na wino mwekundu?" nikauliza.

"Ule ni wangu. Ningevijuaje?"

Ndipo akanieleza. Kila baada ya chakula cha mchana siku za mapumziko, baba alimsomea, akimfasiria Kiingereza kadiri anavyokwenda, naye akishona. Siku nyingine alimwomba amletee kile kitabu cha juzi, na yeye hakujua ni kipi. Akaanza kupaka maua, kila kitabu na ua lake.

Mimi nimesomesha miaka mingi, na nakiri kwamba sikumwamini. Nilibeba vitabu kumi na viwili, nikavifunua mbele yake kimoja kimoja, nimeficha majina kwa kiganja. Aliweka kidole juu ya ua jekundu na kusema bila kusita. Hiki cha nyota. Hiki cha daktari aliyekwenda kuwatibu wenye ukoma, kilimliza baba. Hiki cha mwanamke aliyevuka jangwa na mtoto mgongoni. Nikiondoa kiganja, ndicho. Hakukosea hata kimoja.

Cha mwisho alikishika mwenyewe.

"Hiki hatukukimaliza," akasema. "Uliugua surua, tukakiacha. Tazama ndani, niliweka uzi."

Nilifungua. Katikati ya kurasa ulikuwepo uzi mweupe wa kofia, umelala pale zaidi ya miaka arubaini. Nilikaa chini sakafuni, miguuni pake. Nilikuwa nimekulia kati ya vitabu vile, nikijiona mimi ndiye mwenye kuvijua.

Skuli tuliipa vitabu vyangu mimi. Vya baba viko makabatini. Siku ile nilianzia penye uzi, nikimfasiria mama polepole, naye akinirekebisha kila niliposahau jina la mtu katika hadithi, mpaka ikaadhiniwa alasiri.