Kidole Gumba cha Ami Nassor

Mwanangu, katika hadithi hii mjinga ni mimi. Nakwambia mapema usije ukamtafuta mwengine njiani ukamsingizia. Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua ndevu zangu zenyewe mpaka leo bado zinatafuta njia, na skuli nliiacha darasa la saba, mwalimu akamshukuru Mungu. Lakini mzee mwenye nasaha hii keshatangulia, imebaki kwangu, na mimi siwezi kukaa nayo peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishomwisho. Nlikuwa fundi wa bunduki kwenye klabu moja ya shabaha, huko nyuma ya majabali, ukishika njia ya Yiti. Wanachama wengi watu wa wizarani. Wakitoka ofisini Al Khuwair, mtaa wa wizara, wanakuja kupunguza hasira kwa kupiga karatasi. Risasi za dukani ghali, kwa hivyo klabu ikijaza zake. Ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa, linatiwa fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya, kichwa kipya. Mjazaji alikuwa Ami Nassor, ami wa heshima si wa damu, mzee wa Kiunguja, mkimya, miwani yake mizito kama vitako vya chupa. Meza yetu moja. Yeye akifanya kazi, mimi nkitia maneno.

Mashine yake ilikuwa ya zamani sana. Ina sahani ya chuma yenye matundu, kila tundu linakaa ganda. Ukivuta mpini mara moja, ganda hili linatiwa fataki, lile baruti, lile kichwa. Halafu lazima uisogeze sahani kwa mkono, tundu moja, ndipo uvute tena. Ami akiisogeza kwa gumba la kushoto. Tak. Anachungulia ndani ya ganda kama baruti imo, anasema "Bismillahi," anavuta. Tak. Bismillahi. Miaka na miaka gumba lile lile, mpaka limeota sugu kama kisigino.

Mimi nkachoka kumtazama. Nkasikia kuna mtu Marekani anatengeneza, kwenye gereji ya nyumba yake, kidude cha kufunga kwenye mashine za zamani kama ile. Ukivuta mpini, sahani inajizungusha yenyewe. Binamu yangu alikuwa anasoma huko, akaja nacho likizo, kimefungwa ndani ya soksi. Ami alikuwa Makka kwenye umra. Siku mbili tu nkakifunga. Sikumuuliza mtu.

Aliporudi akakitazama, hakukigusa.

"Seif, nani kakwambia mkono wangu umechoka?"

"Ami, dunia nzima inazunguka yenyewe, hii sahani ina kiburi gani?"

Wanachama walikuwepo, wanakunywa kahawa yao. Wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee Nassor, kubali yaishe!" Ami akatazama chini kidogo. "Haya," akasema. Haya ile, mwanangu, haikuwa ya kukubali. Ilikuwa haya ya mtu mzima aliyetahayarishwa mbele ya wadogo zake. Mimi nkaihisabu ushindi.

Sasa nisikilize vizuri. Wazee wanasema mazoea yana taabu. Sahani inajizungusha yenyewe, sawa, lakini gumba la Ami halikuambiwa. Mara nyengine sahani imeshasogea, na gumba nalo linasogeza tena. Ganda linaruka pahala pa baruti, linakwenda moja kwa moja kutiwa kichwa. Kwa nje risasi nzima, inang'aa. Kwa ndani tupu. Na zamani angeliona, kwa sababu gumba likisogeza, jicho linachungulia. Vitu viwili vile vilikuwa vimeoana. Nimekuja mimi nimeviachisha: sasa gumba linasogeza, jicho halichungulii.

Na gumba lile nliliona. Wallahi nliliona, siku ya pili tu. Ilikuwa niseme, "Ami, simama, umeruka moja." Basi, ingekwisha hapo. Badala yake, mimi mbio ukumbini kuwaigizia wanachama. Nkakaza uso kama Ami, nkatoa gumba, nkawa nasukuma hewa: "Bismillahi, tak! Bismillahi, tak! Gumba la Ami limekataa kustaafu!" Watu wakashika mbavu. Na mimi mwanangu, kicheko cha watu kilikuwa kinanilewesha kuliko kitu chochote. Niliporudi mezani nlikuwa nshasahau nlichokiona.

Wiki ile ile kulikuwa na mashindano ya kuchagua timu. Khalfan, mtoto wa Ami, alikuwemo, na risasi zake kazijaza baba yake. Pa, pa, pa, zote zinaingia pale pale. Ya nane ikatoa sauti ndogo, pwi, kama mtu anafungua soda. Msimamizi akapiga ukelele: "Simama! Usivute!" Alhamdulillahi, Khalfan akaondoa kidole. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma mpaka hapo. Angepiga nyengine nyuma yake, mtutu ungempasukia usoni. Baba mtu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale.

Mwenyekiti akaja karakana, watu nyuma yake.

"Nani kajaza hizi?"

"Mimi," akasema Ami.

Mwenyekiti akaitazama ile miwani. "Mzee Nassor, macho hayo."

Ami akanigeukia. Alingoja. Watu kimya. Nlikuwa na nafasi pana kama uwanja, na mimi kimya sikiwezi tangu kuzaliwa. Nkasema, "Msimlaumu. Mwili umerudi, macho bado yako Makka."

Wakacheka. Hata mwenyekiti.

Ulimi hauna mfupa, lakini nlisikia kitu kinavunjika pale. Baada ya siku tatu Ami akapewa saa ya ukutani na maneno mazuri, akaambiwa akapumzike. Na kazi yake unajua kapewa nani? Kapewa mimi.

Jambo la kwanza nkakifungua kile kidude. La pili nkazipima kwenye mizani risasi zilizobaki katika boksi la Khalfan, moja moja. Nkapata mbili nyengine nyepesi. Nkazishika kiganjani, nkatafuta cha kuchekesha, kwa mara ya kwanza sikukiona.

Nkanunua halwa, nkenda kwake Al Hail. Alinimiminia kahawa mwenyewe. Nkamwambia yote, gumba, maigizo, yote.

"Najua," akasema. "Nlijua pale pale karakana. Nlikuwa nakungoja wewe."

"Nisamehe, Ami."

"Nshakusamehe. Lakini humu ndani tumo mimi na mke wangu, na sisi tunajua kuwa mimi si kipofu. Kaseme kule."

Nkenda kusema. Siku ya Alkhamisi, ukumbi umejaa. Nkasimama. "Jamani, Ami Nassor hakukosa. Aliyekosa ni mimi. Nlimfungia kidude, nkaliona gumba lake linaisogeza sahani mara ya pili, nkanyamaza." Na mkono wangu, mwanangu, mkono huu, ukatoka wenyewe kuwaonesha gumba lilivyokuwa likisukuma.

Ukumbi ukapasuka. "Tena, Seif! Fanya tena!" Mmoja anafuta machozi. Nkasema, "Wallahi nasema kweli!" Ndiyo wakazidi. Nkawatazama nyuso zile zote zimenigeukia, zimefurahi, zinanipenda, na nkacheka nao. Watu wengine makosa yao ni mengi, wanachagua la kujutia. Mimi langu ni hilo. Nlicheka nao.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee, na mimi nlidhani wanazungumzia jipu. Basi shika haya. Ukitaka kubadilisha chombo cha mtu, muulize kwanza mkono wake unafanya nini pale, maana mkono wa mtu mzima hufanya kazi mbili na wewe unaiona moja. Ukiliona kosa, liseme hapo hapo, kwa jina lake, kabla hujalitafutia kichekesho. Na usiwazoeshe watu kucheka kila ukifungua mdomo. Iko siku utakuwa na neno moja tu la kweli, na hutakuwa na wa kumpa. Mungu akupe ulimi mzito wa kubeza na mwepesi wa kuuliza, amlinde kila atakayeiamini kazi ya mikono yako, na wenzio wakikutaja, wakutaje kwa kheri. Amin.

Ami Nassor hakuufikia msimu wa pili wa baridi tangu siku ile. Nkenda msibani, kwenye taazia, nkakaa karibu na mlango kama mtu asiyealikwa. Khalfan akaniona, akanishika bega, akanitoa nje.

"Baba nlimwambia kuwa ulikwenda ukasema," akanambia. "Akaniuliza, watu walicheka? Nkamwambia walicheka. Akasema, basi bado hajasema."