Utepe wa Misa ya Walimu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Mkuu wa Maktaba ya Sauti, mzee wa Kikerewe mwenye miwani mizito, alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akanivisha hedifoni na kuniwekea utepe mtupu, usio na kitu ndani yake. Kisha akaenda zake. Nilikaa hapo tangu asubuhi mpaka saa sita, nikidhani mzee kanisahau au ananipima ujinga.

Aliporudi akauliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Basi kazi hujaianza. Sikiliza tena."

Alasiri nikaanza kusikia. Kulikuwa na mvumo mdogo, kama mchanga unaomwagwa mbali, na mahali fulani mkwaruzo, pale utepe ulipowahi kukunjwa. Nilipomwambia, hakunisifu. Alisema nije kesho saa moja na nusu, na nisichelewe.

Ninyi mnaofanya kazi hii siku hizi mnabofya na sauti inakuja, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Utepe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa rangi ya kutu, na unga huo ndio unaoshika sauti kwa nguvu ya sumaku. Maktaba yetu ya kituo cha redio hapa Mwanza ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kwa ajili ya joto na vumbi. Tepe tulizihifadhi mkia nje, yaani ukishamaliza kuucheza utepe huurudishi mwanzo, unauacha vile ulivyoishia. Ukiuhifadhi vingine, sauti ya tabaka moja huvujia tabaka la pili, na baada ya miaka unamsikia mwimbaji kwa mbali kabla hajafungua kinywa. Ubaya wa mkia nje ni mmoja tu. Ukitaka kujua kilichomo, lazima kwanza uurudishe wote.

Tepe mpya zilikuwa adimu, hivyo tulifuta za zamani na kurekodia tena. Tulifuta kwa sumaku ya umeme, dude zito kama pasi mbili za mkaa, unaloliwasha na kulizungusha juu ya utepe polepole. Kanuni ya Mkuu wa Maktaba ilikuwa kwamba hakuna utepe unaofutwa kabla ya kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, na aliyesikiliza anatia sahihi kwenye daftari la kufuta. "Sumaku haina huruma wala akili," alikuwa akituambia. "Huruma na akili ulete wewe kutoka kwenu."

Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Nikapelekwa Bukoba kuwa msaidizi wa kurekodi, chini ya Msimamizi wa Studio aliyependa kulala kuliko kufanya kazi, na kwa sababu ya usingizi wake nilijifunza kila kitu mwenyewe. Huko ndiko nilikopata ugonjwa wangu wa muziki wa klasiki. Maboksi ya tepe yalikuwa yakija kutoka redio za nje, ya fidla, ya vinanda, ya misa za Kilatini, na hakuna aliyeyataka. Mimi niliyasikiliza mchana wakati wenzangu wanakula. Kwa kuwa kabila langu ni Mjita, waliniita Mjita wa Ulaya, nami nikawaacha waite.

Niliporudishwa Mwanza nilikuta watu wakimzungumzia Mwalimu Lubango. Alikuwa mwalimu wa muziki, mrefu, mkali, na alikuwa ameunda kwaya ya walimu wenzake akawafundisha misa kubwa ya Kilatini, ya sauti nne na kinanda. Waliifanyia mazoezi karibu miaka miwili. Mahali pa kuimba peke yake aliwekwa mkewe, Paulina, mwalimu wa darasa la kwanza. Kituo kilituma watu kurekodi mara mbili: jioni moja ya mazoezi, halafu siku yenyewe.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshika waya wa maikrofoni, nimekaa chini karibu na ngazi ya jukwaa. Paulina alianza taratibu, bila kuonyesha kwamba sehemu ya kupanda inakuja, na alipofika juu kabisa hakusukuma. Alikaa pale juu kama mtu aliyefika kwao. Nimesikiliza waimbaji wa miji mikubwa ya dunia tangu hapo, na sijasikia mwingine aliyefanya vile. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mkuu wa Maktaba alikuwa amestaafu na nafasi yake nikaishika mimi. Juu yangu akaletwa Mkuu wa Vipindi mpya, kijana wa suti, mwepesi wa kugonga meza. Siku moja saa tano asubuhi aliingia maktaba bila kubisha.

"Mama Felista, kuna mgeni mkubwa anahutubia alasiri. Nataka tepe tatu safi saa nane."

"Za kufuta zipo, bosi, ila sijazisikiliza."

"Zisikilizwe na nani? Futa hizo nyimbo za kanisa, zipo mbili mbili."

Kweli zilikuwa mbili. Unyevu ulikuwa umeharibu karatasi za maboksi, na yote mawili yalisomeka tu misa na kwaya ya walimu. Moja lilikuwa la mazoezi, jingine la siku yenyewe. Utepe mmoja kuurudisha na kuusikiliza wote ulitaka zaidi ya saa nzima, na mimi nilitakiwa tepe tatu, moja ya hizi na mbili za rundo la kufuta. Nikachukua boksi la kwanza, nikaurudisha utepe kidogo tu, nikasikiliza mkia wake. Nikasikia viti vinasogezwa, mtu anakohoa, na sauti ya Mwalimu Lubango: "Hapo bado. Kesho tutarudia, mje mapema."

Nikajisemea kwamba haya ndiyo mazoezi. Nikawasha sumaku. Kisha nikatia sahihi kwenye daftari kwamba nimesikiliza mwanzo hadi mwisho.

Jioni nilitaka kujifurahisha, nikaweka utepe wa pili. Nikamsikia Mwalimu anasimamisha kwaya, anaanza upya, anasimamisha tena. Nikaupeleka mbele, mambo ni yale yale, mazoezi matupu. Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi aliyerekodi ile misa alikuwa amebakiwa na kipande cha utepe mwishoni, na kwa sababu ya uhaba akakitumia kurekodia mazoezi ya wimbo mwingine. Nilichokisikiliza kilikuwa kile kipande. Misa yenyewe ilikuwa imelala nyuma yake, nami niliifuta kwa mkono wangu. Hotuba ya mgeni, kama mnataka kujua, ilirushwa mara moja na haikuombwa tena na mtu.

Sikumwambia yeyote. Nilikuwa na sahihi yangu daftarini, na nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilijisemea kwamba hakuna atakayeuliza.

Paulina akafa, kwa homa iliyoanza Jumatatu na kummaliza Ijumaa. Baada ya matanga Mwalimu Lubango alikuja kituoni, amekonda, kofia mkononi. Alisema hana sauti ya mkewe popote ila kwetu. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamjibu, "Utepe upo, Mwalimu. Ila mashine ya kuuchezea imeharibika." Mashine ilikuwa imeharibika kweli, na huo ukweli mdogo niliushika kama fimbo ya kutembelea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilikuwa na viti vya kukalia na chai ya maziwa. Nilipostaafu na kuhamia Buhongwa, Bwana Kanti, mfanyabiashara wa Kihindi wa Igogo ambaye baba yake aliuza santuri mjini hapa, aliniita kwenye baraza lake la kusikiliza. Tulikutana Jumapili alasiri sebuleni kwake, watu watano au sita, Mwalimu Lubango akiwa mmojawao. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mmoja anasema wiki hii anafurahia rekodi gani na kwa nini, halafu anaipiga, na hakuna kuongea mpaka iishe. Bwana Kanti alituletea raga, muziki wa kale wa Kihindi, zile za msimu wa mvua, akituamuru tufumbe macho. Mimi nilileta fidla na vinanda. Mwalimu Lubango alileta kwaya, akituonyesha kwa kidole hewani wapi sauti ya tatu imechelewa. Na kila alipomaliza alisema hivi: "Hii nzuri. Lakini mimi nangojea ya kwetu." Kisha alinitazama na kutabasamu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika funguo za maktaba.

Nilikuwa nashika kikombe changu cha chai na kutabasamu nami. Jumapili ngapi, sijui. Aibu ilikuwa imekaa ndani yangu muda mrefu hata nikaizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu upande mmoja, akatafuna upande wa pili.

Mwaka jana mafigo ya Mwalimu yalianza kukataa kazi. Alihamia kwa binti yake Neema, kule Nyakato. Wiki hiyo hiyo Bwana Kanti akanipigia simu.

"Dada Felista, habari njema. Kituoni wametengeneza mashine ya tepe. Nimeongea na binti wa maktaba, anasema uende tu, atakuhamishia kwenye flashi. Mwalimu nimeshamwambia. Amelia, dada."

Nilikwenda. Yule binti alinipigia shikamoo na kuniletea boksi lililobaki, akifurahi kunisaidia. Sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba mgonjwa wa mafigo, mwenye dawa nyingi kichwani, atasikia kwaya yake na sauti ya mkewe, na atatosheka. Nilimdharau Mwalimu Lubango siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulimkuta kitandani, ameegemezwa mito miwili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Neema alisema alilidai mwenyewe. Bwana Kanti akaweka spika mezani.

Kwaya ikaanza. Mwalimu akainua kidole. Baada ya muda mfupi sauti yake mwenyewe, ya ujana, ikaingia na kuisimamisha kwaya. Kidole kikabaki hewani.

"Hii si ya siku ile," alisema.

Ningeweza kuizima, na sikuizima. Kwaya ikarudi, Paulina akaingia peke yake, akapanda, na karibu na kileleni sauti ikamteleza. Tukasikia fimbo ikigongwa kwenye meza, na Mwalimu akisema mbele ya walimu wote, "Paulina, umeshuka tena. Mara ya tatu hii. Kama huwezi, kaa chini, niweke mwingine." Kukawa kimya kwenye utepe, kimya kirefu. Halafu sauti ya mwanamke, ndogo: "Naweza, Mwalimu." Hata mkewe alimwita Mwalimu.

Neema aliizima yeye.

"Iliyo nzuri iko wapi, Felista?" aliuliza mgonjwa.

"Niliifuta, Mwalimu. Nilisikiliza mkia tu. Nilikosea boksi."

"Lini?"

"Kabla mama Neema hajafariki."

Alihesabu kimoyomoyo, nilimwona. Bwana Kanti alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa hiyo nilipokuja na kofia yangu ulikuwa unajua," alisema. "Na Jumapili zote zile."

"Nilijua. Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi ningeacha kungojea," alisema. "Mtu akijua hakuna, anaacha kungojea, anafanya mengine. Nenda nyumbani, mama."

Nilikwenda. Bwana Kanti alinirudisha kwa gari lake, na Jumapili iliyofuata sikualikwa.

Nimeandika haya kwa sababu vijana wa maktaba za sauti huniuliza siri ya kazi, wakidhani mstaafu ana siri. Sina. Mashine nilizozijua zimekufa na sumaku hamtaiona. Kusikiliza mwanzo hadi mwisho kunachosha na hakuna bosi atakayekupa muda wa kufanya hivyo, basi uibe huo muda. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenye mali hajaanza kungojea. Kosa langu lilichukua dakika chache. Kilichomla Mwalimu Lubango ni miaka iliyofuata, na hiyo sikuifanya kwa haraka.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda msibani Nyakato, nikakaa nyuma na kina mama wa jikoni, nikimenya vitunguu. Neema akaja kunisalimia, maana amelelewa vizuri. Nikamuuliza zile siku za mwisho zilikuwaje.

Alisema baba yake aliitaka ile flashi kila siku baada ya chai. Aliipiga mpaka pale sauti yake ya ujana inaposema kaa chini, na kila ilipofika hapo aliijibu spika kwa sauti, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili: "Usikae, mke wangu. Imba." Kisha alingoja, akamsikia anasema naweza, na kuomba ianzishwe upya.

Nilimuuliza kama aliwahi kunitaja. Neema akafikiri kwa uaminifu, akasema hapana.