Barabara ya Paje Iko Kaskazini

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Jana ulipoitupa karatasi yako ya jiografia, ile yenye ramani ya Unguja, kitandani ukasema, "Bibi, ramani za nini, simu si inajua?" niliiona tena kama ninayoitazama. Nilinyamaza kwa sababu ulirudi umechoka na una njaa. Leo umekula, umelala, jua limepungua. Kaa hapa nikuhadithie.

Nilikuwa mwanafunzi wa skuli, nakaa hapa hapa Mkunazini kwa mama yangu. Mwalimu wetu wa jiografia akiitwa Mwalimu Haji, mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha unyamaze ili uisikie. Somo lake la kwanza alituambia kila mmoja achore njia ya kutoka kwao mpaka skuli. Mimi nilichora mstari mmoja ulionyooka, nyumba yetu huku, skuli kule, na minazi mizuri pembeni, ingawa Mkunazini minazi hamna. Mwalimu Haji akaitazama karatasi yangu kwa muda, kisha akaniuliza, "Wewe kwani unaruka?"

Darasa zima likacheka.

"Mgeni akiifuata hii," akasema, "ataingia ukumbini kwa watu wakiwa wanakula. Rudi ukaipite njia yako kwa miguu. Chora unachokiona, usichore unachodhani unakijua."

Niliona haya, mwanangu, na hasira pia. Lakini jioni ile nilitoka na penseli. Nilisimama kila kona, nikachora, nikahesabu hatua, nikaendelea. Wazee waliokuwa barazani wakaniuliza kama nimepoteza pete. Na nikagundua jambo ambalo lilinishangaza: uchochoro niliopita tangu mdogo, ambao ningeapa kwamba umenyooka mpaka sokoni, una mapindo mawili na kwa kweli unakurudisha nyuma kabla ya kukupeleka mbele. Nimezaliwa humu na mji wangu nilikuwa siujui. Hapo ndipo nilipotia nia. Nilijiambia hili somo nitalijua, liwe gumu litakavyokuwa.

Mwaka ule ule Mwalimu Haji alitupeleka shamba, nje ya mji, upande wa kusini mashariki. Ulikwishapita njia ya kwenda Paje, unajua pale msitu unapokwisha na ile ardhi ya mawe inapoanza, tunayoiita uwanda: matumbawe makali, vichaka vya miba, mashimo yaliyofunikwa na majani. Gari ilituteremsha barabarani asubuhi, dereva akasema atarudi kutuchukua alasiri. Tukaingia uwandani kuelekea kusini, Mwalimu mbele na ramani na dira yake, sisi nyuma na mikoba ya chakula. Alitaka tulione pango lenye maji matamu, ili tuelewe kwa nini watu wa upande ule hawana mto lakini wana visima. Njia yenyewe haikuwa njia. Tulizunguka mwamba huu, tukakwepa shimo lile, na tulipofika pangoni hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema tumetokea wapi.

Mwalimu alikuwa anatuonyesha mdomo wa pango, jiwe likamvunjikia chini ya mguu. Akaanguka. Tulipomfikia alikuwa kakaa chini, mguu umepinda pasipo na kiungo, na damu inamtoka chini ya goti. Wasichana wenzangu wakalia. Mmoja akatoa kanga yake, tukamfunga kwa nguvu. Damu ikapungua, haikukatika. Dira aliyoishika ilikuwa imepigwa na jiwe, kioo kimepasuka na sindano imekwama.

Zama zile simu za mkononi hazikuwapo. Gari itakuja alasiri, na dereva hajui tuko wapi. Ilibidi mtu atoke.

Salum, kijana mwenye nguvu kuliko wote darasani, akasema, "Nitakwenda mimi, Mwalimu. Nitakimbia."

"Utakimbilia wapi?" Mwalimu akamuuliza.

Salum akanyoosha mkono. Wenzetu wawili wakanyoosha mikono yao pia, kila mmoja upande wake. Mwalimu akafumba macho. Mimi nikasikia sauti yangu inasema, "Nipe ramani, Mwalimu. Tutakwenda pamoja na Salum."

Alinitazama kama alivyoitazama ile karatasi yangu ya minazi. Kisha akanipa.

"Usiniulize njia," akasema. "Iulize ramani. Sisi tuko wapi?"

Nikatafuta. Pango alikuwa amelitia alama ya penseli mwenyewe usiku wa kuamkia safari. "Hapa."

"Barabara?"

Barabara ya Paje ilikuwa mstari mwekundu unaokatiza juu ya pango, kutoka magharibi kwenda mashariki. "Kaskazini kwetu."

"Mbali gani?"

Nikasoma skeli chini ya karatasi: sentimita moja ni nusu kilomita. Nikapima kwa vidole vyangu. "Si mbali, Mwalimu. Kilomita mbili na ushei."

"Na kaskazini ni wapi?"

Hapo nikakwama. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na jua la utosini halikwambii kitu. Nikamtazama, na kwa namna alivyouma meno nikajua hana maneno mengi yaliyobaki. Nikakumbuka alichotufundisha uwanjani. Nikatafuta fimbo iliyonyooka, nikaisimamisha kwenye udongo kidogo uliokuwapo, nikatia kijiwe penye ncha ya kivuli. Tukangoja kwa muda wa kuchemsha chai. Salum alikuwa anazunguka zunguka kama kuku anayetaka kutaga. "Tunapoteza wakati," akasema. Ncha ya kivuli ikasogea, nikatia kijiwe cha pili. Jua huenda magharibi, kivuli hukimbilia mashariki. Kwa hiyo kijiwe cha kwanza ni magharibi na cha pili ni mashariki. Nikasimama, cha kwanza mkono wa kushoto, cha pili mkono wa kulia. Mbele yangu ni kaskazini. Nikailaza ramani chini nikaigeuza mpaka kaskazini yake ikatazama kaskazini ya nchi.

Mwalimu akasema kwa sauti ile ndogo, "Nendeni."

Tulichana kanga ya pili, kila tukifika penye mti tukafunga kipande ili turudi kwa njia ile ile. Nilikuwa nachagua mti ulio mbele moja kwa moja, tunauendea, tukifika nachagua mwingine. Miba ikanichana mikono na sketi. Hatukufika mbali tukaikuta njia. Njia hasa, mwanangu, pana, imekanyagwa ikawa nyeupe, na ilikuwa inapinda kuelekea kushoto.

Salum akafurahi. "Hii hapa! Njia pana hivi lazima itokee barabarani."

Nikaifungua ramani. Ilikuwamo, mstari mwembamba wa vidoti, nao ulirudi kusini magharibi ukaishia penye alama ya tanuri la chokaa. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

"Inakwenda tanurini," nikasema. "Huko hakuna barabara."

"Karatasi imechapwa na watu wa zamani. Njia ninaiona kwa macho yangu!"

"Njia unaiona. Inakokwenda hukuoni."

"Na ukikosea wewe?"

Swali lile lilikuwa na haki yake. Nilitamani sana kuifuata njia ile, kwa sababu ilikuwa laini na mbele yangu palikuwa na miba tu. Lakini nilikwishavihesabu vitu vyangu: pango nalijua, kaskazini nimeipima, barabara inakatiza upande ule wote mbele yetu, hatuwezi kuiruka. Nikamwambia, "Salum, tukienda kaskazini hatuwezi kuikosa barabara hata tukipotoka kidogo. Tukiifuata hii, tutajua tumekosea tukishafika tanurini, na Mwalimu damu inamtoka. Mimi nakwenda kaskazini. Ukitaka, njoo."

Nikaingia mibani. Baada ya kidogo nikamsikia nyuma yangu, kakasirika lakini anafunga vitambaa.

Tulikwenda. Nilihesabu hatua kama nilivyofanya Mkunazini, na kwa hesabu yangu tulipaswa kuwa tushafika. Barabara hakuna. Nikajikaza. Nikafikiri: kwenye mawe hatua ni fupi, basi ongeza. Nikachagua mti mwingine, na mwingine. Kisha tukasikia lori linabadilisha gia.

Lilikuwa limebeba makuti. Tulisimama katikati ya barabara tukipunga mikono. Dereva, mzee mmoja wa Paje, aliteremka. "Shikamoo," nikasema, nikakosa pumzi ya kuendelea. "Marahaba, mna nini nyinyi?" Salum ndiye aliyemweleza. Akaenda kijijini akarudi na watu na kitanda cha kamba, wakavifuata vitambaa vyetu kimoja baada ya kingine mpaka pangoni. Kabla ya sala ya magharibi Mwalimu Haji alikuwa hospitali, mjini.

Aliishi. Mguu haukunyooka tena, na miaka yote iliyofuata alifundisha amekaa. Nilipokwenda kumtazama, mama kanipa uji wa kumpelekea, nilidhani atanishukuru. Akaniomba nimpe ramani. "Mlitokea barabarani wapi?" Nikamwonyesha. Ilikuwa mashariki ya pale nilipokusudia.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikafikiri sana. "Kila mwamba tuliuzunguka kwa mkono wa kulia, Mwalimu."

"Naam," akasema, na ndipo alipocheka, machozi yakamtoka. "Siku nyingine zunguka huu kulia, na unaofuata kushoto."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Simu yako ni nzuri, sikukatazi. Lakini simu hukwambia geuka hapa, haikwambii kwa nini, na siku ikizimika itakuacha ulipo huku hujui ulipo. Jifunze kuiweka ramani sawa na nchi kabla hujatia mguu mbele. Jifunze kusoma alama zake na skeli yake mpaka zikukae kama sura za jamaa zako. Kabla ya kuuliza unakwenda wapi, hakikisha unajua uko wapi, na kama hujui, sema hujui. Na ukishapima, ukahakikisha, kisha watu wakakuonyesha njia pana, usione haya kushika ya kwako yenye miba.

Mtihani wako ni keshokutwa. Ilete ile karatasi, na rula. Tutaanza na Nungwi mpaka Makunduchi, na hatulali mpaka uweze kuniambia ni kilomita ngapi bila ya kubahatisha. Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu zako, akuthibitishe miguu yako popote utakapokwenda, na akurudishe kwetu salama kila utokapo. Amin.