Maji Yasiyoivisha Maharage

Venant alikuwa mchimba visima wa Katumba, na kama hukumjua, basi hukuwahi kuonja kiu ya Septemba kule. Alifika na wakimbizi wenzake kutoka Burundi mwaka sabini na tatu, kijana asiye na hata ndevu, akashika sululu na hakuiacha tena.

Kisima chake cha kumi na saba, cha mwaka tisini na sita, nusura kimfukuzishe kijijini. Alikichimba na rafiki yake Arcade. Wiki tano walipokezana shimoni, mpaka wakafikia jiwe jeupe, na chini yake maji. Wiki iliyofuata Arcade akashikwa na malaria, na kabla ya Jumapili wakamzika.

Maneno yakaanza. Na maji yenyewe, tusidanganyane, yalikuwa ya ajabu. Maharage unayabandika asubuhi, saa nane mchana bado yanagonga meno. Sabuni utasugua mpaka mkono uchoke, povu huoni. Na kila sufuria iliota ukoko mweupe kwa ndani. Donatille, mjane wa Arcade, mama yake Rosine, akalisema waziwazi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mzee Libérat.

"Venant amemtoa mume wangu kafara ili apate maji. Huo weupe mnafikiri ni nini? Ni mifupa!"

Jamani, ulimi hauna mfupa lakini huvunja mfupa. Mwenyekiti akakata shauri kwamba Jumamosi kisima kifukiwe. Na ukifukia kisima cha mchimbaji kwa neno kama hilo, umemfukia na yeye. Nani angemwita tena? Lakini kilichomchoma Venant zaidi ni kusikia kwamba amemuua Arcade, mtu waliyekula naye sahani moja miaka ishirini.

Alhamisi akapanda baiskeli, akakanyaga mpaka Shanwe kwa Mwalimu Lyamba, aliyefundisha kemia mjini. Akamwekea mezani chupa ya maji na kipande cha ukoko, akaeleza yote. Mwalimu hakucheka. Alikoroga chokaa ya kupakia kuta ndani ya maji, akaiacha ituame, akamimina yale maji safi ya juu kwenye glasi. Kisha akampa mrija.

"Puliza."

Venant akapuliza. Maji yakageuka maziwa! Akaachia mrija kwa mshtuko.

"Usiache bwana, endelea."

Akaendelea mpaka mashavu yakamuuma, na taratibu, mbele ya macho yake, maziwa yale yakapotea. Glasi ikabaki angavu kama mwanzo.

"Pumzi yako ina hewa ya ukaa," Mwalimu akasema. "Ikikutana na chokaa inazaa unga wa jiwe, ndiyo yale maziwa. Ukizidi kupuliza, hewa inaungana na maji, inakuwa asidi ya kaboni. Ni asidi dhaifu, hata kwenye soda unaimeza. Lakini inakula jiwe. Na udongo nao unapumua, Venant. Mizizi, wadudu, majani yanayooza, vyote vinatoa hewa hiyohiyo. Mvua inashuka nayo, inalilamba lile jiwe lako jeupe miaka na miaka, inaondoka nalo na wala hulioni. Mama akichemsha, hewa inatoka, jiwe linarudi. Linaganda kwenye sufuria."

Venant akaiinua glasi kwenye mwanga.

"Miaka yote hii navunja mawe kwa sululu mpaka mgongo unalia," akasema, "kumbe maji yanayavunja kwa pumzi."

Machozi yakamlengalenga. Aliona aibu, lakini hakuyafuta.

Jumamosi watu walikuja na majembe. Venant akawasha moto pembeni ya kisima, akabandika kisufuria kidogo, akatoa glasi ya maji ya chokaa na mrija mmoja wa pombe.

"Mwenyekiti, naomba upulize humu."

Sasa mpe mzee wa Kirundi mrija uone! Tangu ujana wake mrija aliujua kwa kazi moja tu. Mzee Libérat akainama, akavuta fundo zima.

"Mana yanje!" Akamwita Mungu kwa Kirundi, akatema, macho yamemtoka. "Ananiua huyu!"

Majembe yakainuliwa. Basi, nimekwisha, Venant akawaza.

"Nilisema upulize, mzee! Nani kakwambia unywe?"

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakashindwa kujizuia. Donatille hakucheka. Alikuja mbele akampokonya mzee mrija.

"Lete hapa. Kama ni sumu, nimfuate mume wangu."

Akapuliza. Maziwa yakatokea, watu wakarudi nyuma. Akapuliza tena na tena, jasho likimtoka, mpaka maji yakatakata. Mwenyekiti alikuwa bado anasukutua kinywa. Venant akayamimina kwenye kisufuria. Yalipochemka, weupe ukarudi, uleule wa masufuria yao.

"Siyo mfupa, Mama Rosine. Ni jiwe, na pumzi ndiyo iliyolibeba. Maji ya kisima hiki uyachemshe kwanza, yatuame, uchukue ya juu, ndipo utie maharage. Yataiva."

Donatille alikuwa bado ameinamia kisufuria.

"Pumzi ya nani?"

"Ya mizizi. Ya udongo. Ya kila kinachohema."

Donatille akasema polepole, "Arcade alihema humo ndani wiki tano."

"Alihema, dada yangu," Venant akajibu.

Donatille akasogea mpaka ukingoni, akachungulia chini kwa muda mrefu. Watu walimsubiri na majembe yao mikononi. Mwishowe akachukua ndoo, akaanza kuachia kamba. Ndoo ilipogusa maji akasema, bila kugeuka:

"Rudisheni majembe nyumbani. Leo napika maharage."