Chanjo ya Mwakani

Baba alihamia kwangu Buswelu na fimbo yake, koti lake, na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu ambacho mama alikuwa akienda nacho gulioni. Mama alikuwa amefariki wakati wa masika. Huko Sengerema kaka zangu waligawana ng'ombe, na mimi, binti mwenye nyumba mjini, nikagawiwa baba. Leo naweza kulitania jambo hilo. Siku ile tulipovuka daraja la Kigongo sikuwa na utani wowote. Alikipakata kikapu, akatazama maji yakipita, akasema enzi za kivuko mtu alipata walau nafasi ya kuaga.

Miezi ile ya kwanza baba alikuwa anakula matonge mawili na kunawa. Ukimsihi aongeze, anakujibu, "Mayu, mimi sasa ni wa kusindikizwa tu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Lakini yule mbwa hakujua habari za kusindikizwa. Kulipokucha alilia mlangoni, na baba akalazimika kuamka, kumponda ugali kwenye mchuzi wa dagaa, kumtoa nje. Mimi ni fundi cherehani na mashine yangu iko barazani, kwa hiyo nilimsikia kila asubuhi akimwongelesha yule mbwa Kisukuma kirefu kuliko alichonisemesha mimi wiki nzima. Mwanzoni niliona wivu, sitaficha. Baadaye nikaanza kushukuru. Mbwa yule ndiye aliyekuwa akimwamsha baba yangu, na nilijua wazi kwamba akifa, baba atalala asubuhi moja na kukataa kuinuka.

Ndipo ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu ukaingia mtaani kwetu. Jirani yangu wa kule chini ya mawe makubwa alizika watoto wote wa mbwa wake, mmoja baada ya mwingine. Nikampigia simu daktari wa mifugo, mama mmoja ambaye nimewahi kumshonea. Akanieleza: dawa ya minyoo kwanza, halafu chanjo za magonjwa ya utotoni, ambazo zinarudiwa, halafu ya kichaa cha mbwa, na dawa ya kupe iliyo ya mbwa. Nikayapeleka maneno hayo kwa baba wakati wa chakula.

"Mbwa hachanjwi," akasema. "Mbwa wa sindano hupoa. Mwizi akija atampokea mzigo."

"Baba, wewe si ulichanjwa ndui? Hiyo alama ya mkononi ni ya nini? Mbona hujapoa?"

Akaifunika alama kwa mkono wa shati.

"Na ng'ombe zako ulikuwa unawachanja."

"Ng'ombe ni mali, mayu. Mbwa ni mbwa."

Akasema hivyo huku akimwachia huyo mbwa mkia wa sato wake. Nikanyamaza, kwa maana ya kugonga sufuria jikoni mpaka usiku. Ningeweza kumbeba mbwa baba akiwa amelala mchana, nikamchanja kimyakimya, lakini kwetu mnyama wa mzee haguswi bila kauli yake, hata akiwa kuku. Nikasubiri, na kusubiri si kipaji changu.

Jumamosi moja nilikwenda Nyakato kupeleka sare za shule. Kumbe maneno yangu yalikuwa yamemwingia baba, na alikuwa ameamua kumkinga mbwa wake kwa njia aliyoijua. Maisha yake yote kinga ilikuwa josho. Unaswaga ng'ombe hadi kwenye lile bwawa la dawa, wanajitosa, wanazama mpaka kichwa, wanatoka upande wa pili na kupe hawana tena. Alikuwa amekuja na chupa ya dawa hiyo kutoka Sengerema. Mfugaji haachi dawa yake nyuma. Akaimimina kwenye beseni langu la kufulia, akakadiria kwa macho kama alivyozoea kwenye zizi lililojaa, maji yakawa meupe kama maziwa. Kisha akamzamisha mtoto wa mbwa. Na kwa kuwa ng'ombe huzama mpaka kichwa, akamzamisha na kichwa.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini, mbwa yuko juu ya koti lake. Mate yalikuwa yanamtoka, anatetemeka, akijaribu kusimama miguu inamkana.

"Mayu," baba akasema, "nimemuua."

Nilifoka. Nilitamka maneno ambayo binti hamwambii baba yake, na nilikuwa nayatamka huku nimeshampigia daktari simu. Daktari akanikatiza: tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, asijilambe, tumpeleke upesi. Tukamwosha mimi na baba, mikono minne ndani ya karai moja, yeye akishika kichwa na mimi nikisugua. Baba, aliyekuwa akiapa kwamba bodaboda ni jeneza lenye honi, alipanda ile ya kwanza iliyosimama, mbwa akiwa ameviringishwa kwenye kanga yangu.

"Shikamoo mzee," daktari akamwamkia.

"Marahaba. Nimemwogesha dawa ya ng'ombe."

Hakuficha chochote, dawa gani, kiasi gani. Daktari hakucheka wala hakumfokea. Kufoka nilikuwa nimeshamaliza mimi. Alimwambia tu, "Ulitaka kumkinga, mzee. Tatizo umemkinga kama fahali." Akachukua sindano. Nikamtazama baba. Aliushika mguu wa mbwa mwenyewe, akaunyoosha vizuri ili daktari aone.

Kesho yake mchana yule mbwa alilamba mchuzi wa dagaa. Baba akamtazama mpaka akamaliza, kisha akaniomba na yeye ugali. Nilisonga nikilia, nikisingizia moshi.

Mbwa alipopata nguvu, baba ndiye aliyesema twende tukamchanje. Mambo ya kupoa hayakutajwa tena. Daktari akamweleza kila chanjo, naye akawa anaitikia kama mtu anayejadili mifugo na mwenzake. Walipofika kwenye ile ya kichaa, akauliza kama nayo inarudiwa.

"Kila mwaka, mzee. Mwakani unamleta tena."

Baba akauliza, "Mwakani atamleta nani?"

"Si wewe mwenye mbwa?"

Wakati wa kurudi alitembea polepole, kikapu kwapani. Tulipofika kwenye mawe akasimama kupumzika, akaniambia, "Mayu, sikuwa nakataa sindano. Niliogopa kuanza kitu cha kunidai mwakani. Mama yako hayupo. Sikuwa na habari na mwakani."

Nilimpokea kikapu, tukapanda.

Mwaka huu, kiangazi kilipokolea, niliona baba ametokea barazani asubuhi amevaa koti, mkononi ana kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Mbwa, jike kubwa sasa, mwenye sauti ya kufukuza hata wateja wangu, alikuwa anazunguka miguuni pake.

"Mayu, mwaka umefika."

Nilikuwa na magauni ya ukoo mzima ya kushona kwa ajili ya sendoff ya bibi harusi. Nikamwomba angoje kesho nimpeleke.

"Wewe shona. Sisi tunakwenda."

Nikawatazama wakishuka katikati ya mawe, mbwa akimvuta, baba akimfokea kwa Kisukuma awe na adabu, anakwenda kwa daktari. Nilishona kola moja nikaifumua, nikaishona tena, nikaifumua.

Walirudi jua likiwa limeelemea upande wa ziwa. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu baba alikuwa anamwamkia kila mtu njiani. Akamfungua mbwa kamba, akaketi karibu na mashine yangu, akaomba maji.

"Daktari amesema mwakani tena," akasema.

"Na wewe umemjibuje?"

Akanywa maji yote kwanza.

"Nimemwambia tutakuja."